Watoto wana sheria, wana mipango, hawana kasma (fungu lao kwenye bajeti): tuzungumze bajeti za halmashauri zetu

Mtunza Daftari (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Kila Juni jukwaa hujaa nyuzi za bajeti kuu: ushuru wa hiki umepanda, kodi ya kile imefutwa. Bajeti ya halmashauri hakuna anayeifungulia uzi. Na huko ndiko mtoto wa Kitanzania anakohudumiwa au kuachwa. Zahanati, shule ya msingi, afisa lishe, afisa ustawi wa jamii, matundu ya vyoo vya wanafunzi, vyote viko chini ya mkurugenzi wa halmashauri. Halmashauri zetu ziko 184, na karibu nusu ya wananchi wanaohudumiwa nazo hawajafikisha miaka 18.

Nimefanya kazi ya mipango kwenye halmashauri kwa muda mrefu (msiniulize ipi). Nikisikia mtu anasema "tatizo serikali haina sera ya watoto" nacheka kidogo. Sera zipo mpaka makabati yamejaa. Kifungu cha 94 cha Sheria ya Mtoto ya 2009 kimeitwisha halmashauri jukumu la kulinda na kuendeleza ustawi wa mtoto kwenye eneo lake. MTAKUWWA, mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, ya kwanza ilianza 2017/18, ya pili imeanza 2024/25. Kuna PJT-MMMAM, programu ya taifa ya malezi na makuzi ya watoto wadogo, iliyozinduliwa Desemba 2021. Zote zinasema halmashauri "itatenga fedha". Kiasi gani, kutoka chanzo kipi, robo ya ngapi, hapo karatasi inanyamaza.

Sasa fungua kitabu cha bajeti cha halmashauri, nenda kitengo cha ustawi wa jamii. Utakuta shughuli za namna hii: "kuwezesha vikao vinne vya kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto", "kuadhimisha Siku ya Mtoto wa Afrika ifikapo 16 Juni". Posho, vitafunwa, mafuta, kukodi mahema, fulana. Halafu angalia chanzo: mapato ya ndani, au OC (fedha za matumizi mengineyo kutoka serikali kuu). Yaani zikipatikana. Mwaka wa fedha unafungwa 30 Juni, kwa hiyo ile sherehe ya tarehe 16 mara nyingi ndiyo pesa pekee ya watoto iliyotoka mwaka mzima, tena imetoka kwa sababu mgeni rasmi amealikwa na haiwezekani kumkaribisha uwanja mtupu.

Kuna eneo moja tu ambalo mambo yamekwenda tofauti, nalo ni lishe. Desemba 2017 wakuu wa mikoa walisainishwa mkataba wa lishe, na halmashauri zikapewa kiwango: zitenge shilingi 500 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano kutoka mapato ya ndani, baadaye ikawa 1,000. Mikataba ikasainiwa upya 2022 mbele ya Rais. Tazama kilichobadilika. Afisa lishe haingii tena kwenye kikao cha menejimenti kuomba. Anaingia na hesabu: watoto wangu 40,000, mara 1,000, milioni 40, nionyesheni ziko wapi. Na kadi alama, ile karatasi ya kupima utendaji wa kila halmashauri, inapanda hadi mkoani na TAMISEMI, mkurugenzi aliye kwenye rangi nyekundu anajulikana.

Swali langu kwenu: kwa nini ulinzi na ustawi wa mtoto nao usiwe na namba yake?

---

Bwana Ushuru

Mkuu, mada nzuri ila umeandika kama mtu ambaye hajawahi kukusanya hata ushuru wa soko.

Nikupe upande wa pili wa meza. Halmashauri ya vijijini inakusanya, tuseme kwa mfano, bilioni 2 kwa mwaka. Toa mapato lindwa, kama uchangiaji wa huduma za afya, hayo hayaguswi. Kwenye yasiyolindwa, asilimia 10 ni mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, nne-nne-mbili, na ni sheria tangu 2018. Mwongozo unadai asilimia fulani iende miradi ya maendeleo kulingana na ukubwa wa makusanyo. Vijiji vinadai mgao wao. Lishe buku kwa kila mtoto. Posho za madiwani. Mafuta. Umeme. Madeni ya watumishi, likizo, uhamisho.

Na wakati majukumu yanaongezwa, vyanzo vinapunguzwa. Kodi ya majengo ilichukuliwa na TRA 2016/17, leo mnailipa kwenye LUKU. Ushuru wa mazao ulishushwa kutoka asilimia 5 mwaka 2017. Kila waziri anakuja na asilimia yake, na zote zinatoka kwenye mfuko uleule. Ukiongeza "elfu moja ya ustawi kwa kila mtoto" utaijaza kwenye PlanRep (mfumo wa bajeti wa halmashauri), itapendeza, na haitatoka.

---

Mtunza Daftari

> utaijaza kwenye PlanRep, itapendeza, na haitatoka

Hapo umegusa penyewe. Kutenga na kutoa ni vitu viwili, na hata lishe inaugua ugonjwa huo: zipo halmashauri zinazotenga asilimia 100, kisha hadi robo ya tatu zimetoa kiduchu, Mei na Juni ndiyo hela inamwagwa yote ili kadi alama isomeke vizuri. Ya hivyo haimsaidii mtoto aliyedhoofu mwezi Septemba.

Lakini hebu angalia unachokisema. Vyote ulivyoorodhesha vina namba. Mikopo ina asilimia, miradi ina asilimia, posho ya diwani ina kiwango. Ustawi pekee ndio unaishi kwa huruma ya mkurugenzi. Mapato yakishuka, cha kwanza kukatwa ni kile kisichokuwa na namba.

---

Mama Ustawi

Nimesoma nikaona niseme kidogo maana haya ndiyo maisha yangu.

Mimi ni afisa ustawi wa jamii, halmashauri ya wilaya. Kesi ya mtoto aliyefanyiwa ukatili inakwenda hivi. Mwenyekiti wa kijiji anapiga simu, au inakuja kupitia 116, namba ya simu ya msaada kwa watoto. Kijiji kiko mbali, gari la idara halipo, au lipo halina mafuta. Nakodi boda. Tunafika, mtoto anatakiwa polisi, dawati la jinsia na watoto, apate PF3 (fomu ya polisi ya kupelekea hospitali), kisha hospitali ndani ya saa 72 kama ni ubakaji, maana dawa za kuzuia VVU zikipitiliza hapo hazimfai. Mama yake hana nauli. Naye ananisubiri mimi. Baadaye huyo mtoto hawezi kurudi nyumba ile kwa sababu mtuhumiwa ni wa humohumo, kwa hiyo namtafutia familia ya kumtunza kwa muda, na hiyo familia nayo inahitaji angalau unga na godoro. Kesi ikifika mahakamani inaahirishwa, inaahirishwa tena, na kila tarehe kuna nauli ya mtoto, ya mama, ya shahidi. Wakikosa kufika mara kadhaa kesi inafutwa.

Hakuna hata kimoja hapo chenye kasma. Nauli ya shahidi huwezi kuipata kwenye "kuwezesha vikao vinne". Tunachanga ofisini. Kuna askari wa dawati namfahamu anatoa mfukoni kama sisi.

Tulikuwa tunapumua kidogo kupitia miradi. Wahudumu wa ngazi ya jamii walikuwa wanapewa posho ndogo na wadau, wanatembelea kaya, wanatuletea taarifa mapema. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada, kwetu ilikuwa barua moja, na wiki iliyofuata wale wahudumu hawakuwa na nauli wala daftari. Kazi yao haikuwahi kuwa kwenye bajeti ya halmashauri hata kwa shilingi moja, kwa hiyo hapakuwa na cha kuendeleza. Nani wa kumlaumu? Mradi ulifanya kazi nzuri sana, ila ulifanya kazi yetu, sisi tukakaa pembeni tunapiga picha.

---

Mgosi wa Chaki

Pole sana Mama Ustawi. Mungu akulipe.

Mimi mwalimu mkuu, nataka kumpinga mtoa mada kwa mfano wa kwetu. Sisi tuna namba. Ruzuku ya uendeshaji shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na tangu elimumsingi bila malipo ianze Januari 2016 inaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya shule. Kwa hilo nashukuru, zamani ilikuwa inapita halmashauri na inafika imekonda. Lakini hiyo elfu kumi ni ya enzi za MMEM (mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi), miaka ya mwanzo ya 2000! Na si yote inayotufikia, sehemu inabaki juu kwa ajili ya vitabu. Boksi la chaki, rimu ya karatasi, fundi wa madawati, bei zote zimepanda mara ngapi tangu hapo?

Kwa hiyo namba nayo ni mtego. Ukishaandika 1,000 leo, 2040 mjukuu wako ataikuta 1,000.

---

Mtunza Daftari

Mgosi, hoja hiyo sina pa kuipangulia, na inanifanya nirekebishe pendekezo. Isiwe shilingi kwa kila mtoto. Iwe kapu la huduma lenye gharama zake, linalokokotolewa upya kila mwaka wakati wa kuandaa bajeti: kesi ngapi mwaka jana, wastani wa safari ngapi kwa kesi, bei ya mafuta ya leo, familia za muda ngapi, mashahidi wangapi. Mama Ustawi ametuandikia hilo kapu hapo juu bila kujua. Hizo sentensi zake zikigeuzwa kuwa jedwali, ndiyo bajeti.

Na hapa ndipo nasemaga "kuzijengea uwezo halmashauri" kumepotea njia. Mdau anakuja, anaweka semina ya siku tatu hotelini, mada "bajeti yenye mtazamo wa mtoto", vyeti, picha ya pamoja. Wakati tunachokosa ni mtu wa kukaa na afisa ustawi wiki moja mwezi Novemba, wachambue mafaili ya kesi, watoe gharama halisi, waingize kwenye PlanRep kwa kasma sahihi: usafiri peke yake, chakula peke yake, nauli za mashahidi peke yake. Ukiandika "kushughulikia masuala ya watoto, milioni 5", mhasibu hajui alipe nini na mkaguzi atakuuliza ulilipa nini. Nimeona shughuli nzuri zikikataliwa malipo kwa sababu tu kasma iliyowekwa ni ya vifaa vya ofisi.

---

Kiroboto99

Hela zinaliwa tu hizo. Ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, hamsomagi? Tunajadili mapambo.

---

Diwani Mstaafu

Kijana Kiroboto, tunaisoma. Na mara nyingi hoja za halmashauri humo si wizi wa moja kwa moja, ni asilimia 10 haikutengwa yote, makusanyo hayakupelekwa benki, fedha zimetumika nje ya kifungu. Mambo ambayo diwani anayesoma makabrasha angeyaona kwenye kamati ya fedha, ambayo inakaa kila mwezi.

Niseme ukweli wa upande wetu. Diwani anachaguliwa kwa kitu kinachoonekana. Yale madarasa 15,000 ya fedha za UVIKO ya 2021, kila diwani alikuwa na la kuonyesha, tulipiga picha mpaka na msingi. Sasa wewe niambie nitasimamaje kwenye mkutano wa hadhara niseme "nimewapigania nauli ya shahidi"? Watu watanitazama tu.

Lakini ilipita mara moja kwenye baraza letu na sababu haikuwa huruma. Afisa ustawi alileta orodha ya kesi kwa kata, bila majina ya watoto, idadi tu. Kesi zilizoripotiwa, zilizofika mahakamani, zilizofutwa kwa mashahidi kutofika. Kata yangu ilikuwa ya pili kutoka juu. Ukumbi ulinyamaza. Kila mmoja alianza kutafuta kata yake. Siku hiyo hakuna aliyesema ustawi hauna kipaumbele, ubishi ukawa wapi pa kukata. Tulikata kwenye ziara ya mafunzo ya madiwani, na sisemi ilikuwa rahisi.

Kwa hiyo mleta uzi, kapu lako peke yake halitoshi. Liletwe kwa kata.

---

Jirani wa Kaunti

Nawasalimu kutoka Kenya. Huku Katiba ya 2010 iliwapa magavana elimu ya chekechea, na ukifika kaunti yoyote utaona madarasa ya ECDE yamejengwa na mabango ya gavana yako juu yake. Kwa hilo ugatuzi umesaidia. Lakini ulinzi wa watoto, wale maafisa wa watoto, wamebaki chini ya serikali kuu, kwa hiyo MCA wangu (mwakilishi wa wadi, kama diwani wenu) nikimuuliza habari za mtoto aliyetelekezwa ananiambia nenda kwa afisa wa watoto, na afisa ananiambia bajeti iko Nairobi. Nyinyi angalau sheria yenu imesema wazi mzigo ni wa halmashauri. Mna mtu wa kushika shati.

---

Bwana Ushuru

Jirani karibu. Kushika shati tunashika, shida shati lenyewe limechanika.

Nimemsoma Diwani na nalegeza msimamo, ila nabaki na sharti moja. Halmashauri hazilingani. Jiji la Dar es Salaam na halmashauri ya wilaya yenye mnada mmoja na ushuru wa korosho wa msimu huwezi kuzipa agizo moja. Zenye makusanyo madogo zikilazimishwa kulipia ulinzi wa mtoto kwa mapato ya ndani, watoto walio maskini zaidi ndio watakaopata kidogo zaidi. Hizo zinahitaji ruzuku kutoka Hazina yenye vigezo: idadi ya watoto, umaskini, umbali. Mfuko wa pamoja wa afya, ule wa wafadhili, umekuwa ukigawanywa kwa vigezo vya namna hiyo, na tangu 2017/18 pesa inakwenda moja kwa moja kwenye akaunti ya zahanati. Njia ipo, mifumo ipo. Kwa nini ustawi usipitie humohumo?

---

Mama Ustawi

Ikija kwa njia hiyo naomba isiishie kwenye zahanati. Ikiingia akaunti ya kituo cha afya, sisi wa ustawi tutaanza kuomba kwa mganga mfawidhi badala ya mkurugenzi.

---

Mtunza Daftari

Naungana na Bwana Ushuru kuhusu ruzuku. Na wadau wenye nia njema wangepitisha fedha zao huko, zionekane kwenye bajeti ya halmashauri, zikiwa na makubaliano kwamba mwaka wa kwanza wao wanalipa sehemu kubwa, halmashauri ndogo, na kila mwaka sehemu ya halmashauri inakua. Mradi ukifungwa, kasma inabaki na mtu wa kuilalamikia anabaki. Najua wadau wengi wanaogopa mifumo yetu, na hofu yao ina sababu. Lakini njia ya kupita pembeni tumeona Januari 2025 imeishia wapi.

Lishe nayo tusiipambe kupita kiasi. Udumavu ulikuwa asilimia 34 kwenye utafiti wa 2015/16, ukawa 30 mwaka 2022. Umeshuka, ila siwezi kudai elfu moja ya halmashauri ndiyo iliyoushusha. Nilichokiona mimi ni kwamba kazi ambazo hazikuwa na mwenyewe, kama Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, zilianza kuwa na tarehe na mafuta.

---

Binti Mtaa

Samahani wakuu, mimi si mtumishi wala diwani. Nipo kwenye kamati ya shule na kikundi cha kina mama. Haya yote nimeyaelewa, ila mtu kama mimi naanzia wapi? Kwenye mkutano wa mtaa tukiuliza bajeti tunaambiwa imeshapita.

---

Mtunza Daftari

Dada, "imeshapita" inasemwa kwa sababu watu huuliza Aprili, Bunge likianza kikao. Wakati huo halmashauri imeshamaliza muda mrefu.

Mwongozo wa mpango na bajeti hutoka kwenye Novemba hivi. Hapo ndipo vijiji na mitaa hutakiwa kuibua vipaumbele kwa utaratibu wa Fursa na Vikwazo, vinakwenda Kamati ya Maendeleo ya Kata, wataalamu wanajaza kwenye mfumo Desemba na Januari, baraza linapitisha Januari au Februari. Ukiwa na jambo la watoto wa mtaa wako, liwe kwenye muhtasari wa mkutano wa mtaa kabla ya Krismasi. Liandikwe kwenye muhtasari kweli, siyo "mengineyo". Na liwe dogo lenye hesabu: siyo "tuboreshewe ulinzi wa watoto", bali "mtaa una watoto saba waliorejeshwa kutoka mitaani, kaya zinahitaji kutembelewa kila mwezi, nauli ni kadhaa".

Pili, mikutano ya baraza la madiwani ni ya wazi. Nenda ukae. Taarifa ya mapato na matumizi ya robo mwaka ikisomwa, wewe tafuta kitu kimoja tu: kitengo cha ustawi kilitengewa ngapi na kimepokea ngapi mpaka siku hiyo.

---

Binti Mtaa

Na wakininyima hiyo karatasi?

---

Diwani Mstaafu

Andika barua kwa mkurugenzi, taja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, wana siku 30 za kukujibu. Peleka nakala mbili masjala, ya kwako wagonge mhuri wa kupokelewa. Na mpigie diwani wako umwambie umeiandika, atataka kujua kilichomo kabla kikao cha kamati ya fedha hakijakaa.

---

Mama Ustawi

Ukifika masjala pita na kwangu, dirisha la nyuma. Nitakupa fomu ya idadi ya kesi za kata yako ya robo iliyopita, ile isiyo na majina. Uiambatanishe.